Nusu ya Doti: Nguo na Upweke wa Vijana katika Ukanda wa Dhahabu

Ndugu Mwenyekiti, walimu, mafundi cherehani mliofunga kazi leo ili mje kunisikiliza, na ninyi vijana mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango:

Nimeombwa nizungumzie ubunifu wa nguo zenye kumpunguzia kijana upweke, yaani nguo zinazopokea kitu kutoka kwa mvaaji na kumrudishia kitu. Najua wapo waliokuja wakitarajia niwaonyeshe fulana yenye waya na vitaa. Tutafika huko, na tutapita haraka. Muda mrefu nitautumia kwenye kitu ambacho akina mama wengi humu ndani wamekuja nacho, kiunoni au begani.

Tumezoea kusema upweke ni ugonjwa wa Ulaya, wa vikongwe wanaoishi ghorofani na paka. Tarehe 30 Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya tume yake kuhusu mahusiano ya watu, tume iliyoongozwa na Dakta Vivek Murthy wa Marekani pamoja na Chido Mpemba, aliyekuwa mjumbe wa vijana wa Umoja wa Afrika. Ripoti inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Kwa wenye miaka 13 hadi 29, kati ya asilimia 17 na 21 walisema ni wapweke, na walioelemewa zaidi ni wale ambao hawajatimiza hata miaka 20. Halafu linakuja jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha huku kwetu: katika nchi za kipato cha chini wapweke ni kama asilimia 24, katika nchi tajiri ni kama 11. Yule bibi na paka wake wana nafuu.

Sasa tuje nyumbani. Ukitoka hapa Shinyanga ukashika njia ya Kahama, ukaendelea hadi Kakola, kisha Nyarugusu, Rwamgasa, Katoro mpaka Geita mjini, unatembea katikati ya mali mbili. Juu ya udongo kuna pamba, chini yake kuna dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009, na huo wa Buzwagi ukaacha kuchimba 2021. Hiyo ni migodi ya kampuni, yenye uzio na kitambulisho cha kupita getini. Nje ya uzio wapo maelfu kwa maelfu ya wachimbaji wadogo, wengi wao vijana, waliotawanyika kwenye maduara ya kuchimbia, kwenye makarasha ya kusagia mawe na kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Watafiti Jesper Bosse Jønsson na Deborah Fahy Bryceson waliandika mwaka 2009 jinsi kuhama kutoka rashi moja, yaani machimbo mapya yanayokimbiliwa, kwenda nyingine kulivyo sehemu ya kazi yenyewe kwa wachimbaji wa Tanzania. Habari za dhahabu zikivuma, mtu anafunga virago.

Watu hudhani upweke wa mchimbaji uko shimoni. Mimi naona sivyo. Shimoni kuna kamba, na kamba ina mtu aliyeishika juu. Oktoba 2015 kule Nyangalata, mkoani Shinyanga, duara liliporomoka, na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa pamoja, sidhani yupo ambaye angezimaliza siku zile akiwa peke yake. Upweke unaanza mtu akishapanda juu. Mwamba umekata, mgao wa viroba vya mawe umekwisha, wenzake wameshakimbilia rashi mpya, naye amebaki kwenye chumba cha kupanga ambako jirani anamjua kwa jina la utani tu. Akiugua, hakuna anayejua kama kwao ni Kigoma au Mara. Simu anayo, magrupu anayo, na salio la bando analo. Ila "sina mtu," ndivyo anavyokwambia.

Upweke wa pili hauonekani kwa sababu uko ndani ya ua. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2010 uliuweka mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa mpana kuliko leo, juu ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2019, katika shauri lililoanzishwa na Rebeca Gyumi, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume cha Katiba. Hiyo ni kazi ya wanasheria na naiheshimu. Mimi ni mtu wa nguo. Ninachokiona ni binti wa miaka 16 aliyehamia kwa wakwe, mwenye watu wengi wa kumtuma na asiye na hata mmoja wa kumsimulia.

Wasukuma walikuwa na dawa yao, nayo ilikuwa ngoma. Tangu karne ya 19, kutokana na ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, vijana waligawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vikundi viwili vilicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watazamaji wengi. Hebu lifikirieni hilo kwa jicho la mbunifu wa mavazi. Njuga, manyoya na vitambaa vilivyofungwa kifuani vilikuwa zana za kazi: vilitakiwa vimfanye mtu asiyekujua aache upande ule aje huku. Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, aliyoyaanzisha Padri David Clement, yametunza mengi ya hayo, na kijana anayesomea ubunifu hapa kanda ya Ziwa asiyewahi kufika Bujora namshauri aanze na nauli ya huko kabla ya nauli ya Dar es Salaam.

Ngoma haikufa, ila haiwezi kubeba mzigo huu tena peke yake, maana rashi moja ina Msukuma, Muha, Mkurya, Mhaya na Mrundi. Kilichochukua nafasi yake kwa wavulana ni jezi. Nasema hivi bila kutania. Timu ya Stand United ya hapa Shinyanga, "Chama la Wana," ilichipuka stendi ya mabasi, kwa vijana waliokuwa wakitafuta riziki hapo. Geita Gold walipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na msimu wao wa kwanza mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na wakakaa huko hadi waliposhuka 2024. Kijana aliyeshuka kwenye basi Katoro bila kumjua mtu, akiwa amevaa jezi ya Yanga, hatamaliza mita mia moja kabla ya kutukanwa na mtu wa Simba, na matusi yale ni salamu. Ameonekana. Ameshaulizwa kitu na ameshajibu. Jezi ni nguo inayozungumza na ninaitambua kama kazi halali ya ubunifu. Upungufu wake ni kwamba mazungumzo yake huishia kwenye matokeo ya Jumapili.

Na sasa kanga.

Inavyosimuliwa, ilianza pwani, Zanzibar na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake waliponunua leso za Kireno zikiwa bado hazijakatwa na kuziunga pamoja ziwe nguo moja pana. Mapambo ya awali yalichapwa kwa mkono, kwa mihuri ya mbao. Maneno yalikuja baadaye, mapema karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, limebaki katika historia hiyo kwa chapa yake ya "Mali ya Abdulla". Vipimo ninyi mafundi mnavijua bila kufungua futi: kama sentimita 150 kwa 110, pindo pande zote, mji katikati, jina, yaani msemo wake, chini ya mji.

Tuliangalie hilo jina linakaa wapi. Mwanamke akishajifunga, maneno yanakuja nyuma, usawa wa nyonga. Yeye mwenyewe hayaoni. Ameyachagua dukani, ameyalipia, kisha ameyaacha mgongoni kwa ajili ya yule atakayemfuata njiani. Sijui nguo nyingine nyingi duniani ambazo ujumbe wake umetengwa kabisa na macho ya mwenyewe. Na anayesoma halazimiki kunyamaza. Anaweza kwenda kununua yake ya kujibu, na mnajua mitaa ambamo mazungumzo ya namna hiyo yamekwenda miezi, kanga kwa kanga, bila mtu kufungua mdomo. Mara nyingi ni ugomvi, nakubali. Lakini mpweke kamili hana hata wa kugombana naye.

Jambo kubwa zaidi ni doti. Kanga hutoka kiwandani zikiwa mbili zilizofanana, zimeungana, na fundi barazani ndiye anayezikata na kuzikunja pindo. Ya kwanza ni yako. Ya pili unaweza kuivaa nawe, begani au kichwani, lakini kila mara ina njia ya kutafuta mtu wake: mama mzazi, shoga, aliyejifungua juzi, aliyefiwa. Ni nguo inayonunuliwa na mmoja ikiwa tayari na nafasi ya wa pili. Mbunifu wa leo akiombwa achore kitambaa cha kupunguza upweke, kazi kubwa imeshafanywa na watu ambao majina yao hatuyajui, na mimi ningekuwa na aibu kuipita nikatafute betri.

Nimeahidi kuzitaja hizo zenye betri. Mwaka 2002 Francesca Rosella na Ryan Genz wa CuteCircuit walibuni shati la kukumbatiana kwa mbali: unajikumbatia huku, vihisio vinapima, simu inatuma, na shati la mwenzako linabana na kupata joto kule aliko. Jarida la Time liliiweka kazi hiyo kati ya ubunifu bora wa 2006. Mwaka 2017 Google na Levi's walitoa jaketi lenye nyuzi za kupitisha umeme mkononi, ukipapasa mkono muziki unabadilika. Mwaka 2023 programu yake ikafungwa, na ule mkono wa jaketi ukabaki bubu. Kanga ya bibi yako haijawahi kusubiri ruhusa ya California. Kwa shati la kukumbatiana nina swali moja tu: linamfaa aliye na mtu wake mbali, ila yule asiye na mtu, hilo kumbatio atatumiwa na nani? Niliyempenda katika kundi hilo ni Leah Buechley, ambaye mwaka 2007 vifaa vyake vya LilyPad vilianza kuuzwa, vijisahani vidogo vya umeme vinavyoshonwa kwenye nguo kwa uzi unaopitisha umeme. Nilichokipenda ni kwamba haviwezi kutumika bila sindano, na penye sindano na watoto watano pana mazungumzo.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwenye sindano. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki: bibi wa mtaani aliyepewa mafunzo anakaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza aliyeelemewa. Utafiti uliochapishwa 2016 katika jarida la JAMA ulihusisha watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona katika kundi la benchi walikuwa asilimia 13.7, na katika kundi la huduma za kawaida asilimia 49.9. Hilo limesifiwa kote. Linalotajwa kidogo ni kilichofuata benchi: washiriki hukaribishwa kwenye kikundi, Circle Kubatana Tose, ambamo hukaa pamoja wakifuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha kutumika. Sitadai kwamba mkoba ndio ulioponya. Utafiti haukuutenga mkoba ukaupima peke yake. Ila kila fundi humu anajua mkono ukiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana, na mtu anasema akiangalia uzi jambo ambalo asingelisema akiangaliwa usoni. Kwa vijana wa kiume hilo ni nusu ya safari.

Mali ghafi ya mikoba ya namna hiyo tunayo. Viroba vimetapakaa kuanzia Nyakagwe hadi Mgusu. Nawaomba tu mtumie viroba vipya au vya nafaka. Magunia na mazulia yanayotandikwa kwenye ubao wa mwalo ili nyuzi zake zinase dhahabu yaacheni huko huko, maana hatujui yapi yamekutana na zebaki, na hakuna mkoba wenye thamani ya mapafu na figo za mtoto wa mtu.

Pendekezo langu hasa ni hili. Tutengeneze doti ambayo vipande vyake vinatofautiana kwa jambo moja tu: kipande cha kwanza jina lake ni kitendawili, cha pili jina lake ni jibu. Rangi moja, pindo moja, mji mmoja. Kisha tukifanye kile ambacho sijasikia muuza kanga amekifanya kwa makusudi: tuvikate na kuviuza mbali mbali. Maswali yauzwe Katoro na Nyarugusu, majibu yauzwe Kahama na hapa mjini, mwezi unaofuata tugeuze. Kwa Kisukuma anayetega huanza kwa kusema "kalagu", na wasikilizaji hujibu "kize". Kwa Kiswahili ni kitendawili, tega. Mchezo unajulikana kwa Muha na kwa Mkurya kadhalika, kila mmoja kwa maneno yake, kwa hiyo hakuna atakayehitaji kuelekezwa. Ukikutana na mwenye pindo kama lako, una haki ya kumsimamisha. Sheria ya zamani ya mchezo huo inasema anayeshindwa anatoa mji, na mji, kwa bahati njema, uko pale pale katikati ya nguo.

Kitu ninachokitafuta ni hiyo haki ya kumsimamisha mtu. Kijana mpweke mara nyingi hakosi watu. Anakosa sababu isiyo na aibu ya kumsogelea mtu. Binti wa kule uani hawezi kumwambia mwanamke mwingine kisimani "nahitaji rafiki". Anaweza kumwambia "kanga yako ndiyo jibu la yangu".

Mtaniuliza juu ya wavulana, kwa sababu mwanamume wa machimboni hajifungi kanga akaenda karashani. Usiku anajifunika, lakini usiku hakuna wa kuisoma. Kwake tuchape neno lile lile kwenye kitambaa cha shingoni, kile cha kufutia jasho na kuzibia vumbi, na tukiweke maneno nyuma ya shingo, kwa yule anayemfuata kwenye foleni ya chai kwa mama lishe. Wale wanaofanya kazi duara moja wanaweza pia kukaa na sindano wakatarizi upande wa ndani majina yao halisi na kijiji cha kwao. Naambiwa wataogopa, wapo waliokuja machimboni wakiwa hawataki kujulikana. Basi asiyetaka asitarizi. Ila yule anayetaka apate mahali pa kuliandika jina lake pasipo daftari la mwajiri.

Vitendawili vyenyewe vikusanywe kwa wazee, na wazee walipwe. Naomba hili lisichukuliwe kama nyongeza. Vizazi vya bibi zetu vimetoa misemo ya kanga kwa zaidi ya miaka mia moja bila kupata hata pindo, na sioni sababu mradi wa kupunguza upweke uanze kwa kumtumia mtu na kumsahau.

Imebaki pingamizi ya wafanyabiashara, nami naona ni ya haki. Kanga kiwandani huagizwa kwa wingi, na muuzaji wa jumla hufikiri kwa korija, doti 20; hakuna kiwanda kitakachobadilisha mtambo kwa ajili ya kundi la vijana wa Kishapu. Kwa hiyo tusianze na kiwanda. Tuanze na merikani nyeupe na mihuri, kama walivyoanza wenyewe wa pwani. Muhuri wa mbao unachongwa na fundi seremala kwa siku moja, na wa kiazi kitamu unachongwa kwa kisu cha jikoni. Viazi sisi hatuna shida navyo, ilimradi tuviwahi kabla havijakatwa na kukaushwa kuwa michembe. Rangi ndiyo ghali, na rangi isiyochuja ni ghali zaidi. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba humo gharama ya rangi na meza ya kuchapia. Pamba yenyewe, nyingi yake tunaiuza nje ikiwa robota, kisha tunanunua kitambaa. Siwezi kulitatua hilo kwa mhadhara.

Nusu ya doti itauzwaje, na fundi anayekunja pindo la kipande kimoja alipwe nusu ya bei au bei kamili? Mimi nasema kamili, kwa sababu kukata ni pale pale na kuvuta kiti ni pale pale. Lakini namwona fundi wa safu ya tatu ameinua mkono tangu nilipotaja korija, na nadhani ana hesabu nzuri kuliko yangu. Ndugu Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, tuanze na yeye.